Bunduki ya visahani: Mpime mtoto kabla hujafungua pochi

Mtoto wa miaka 13 anarudi kutoka shule na fomu mkononi. Anaomba ruhusa ya kujiunga na timu ya kulenga visahani vya udongo, mchezo unaotumia bunduki ya kweli na risasi za kweli. Kwa mama aliyekulia Moshi au Kisumu, aliyezoea kuona bunduki begani kwa askari na mlinzi wa benki tu, fomu hiyo haisainiwi haraka.

Lakini katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako Wakenya wengi na Watanzania wameweka makazi, ombi la namna hiyo si geni. Ligi ya shule za sekondari ya mchezo huo ilianza huko mwaka 2001 na baadaye ikaenea majimbo mengine. Wavulana na wasichana wa kuanzia darasa la sita hucheza timu moja. Mazoezi hufanyika kwenye viwanja vya klabu za kulenga shabaha, nje ya shule, na mtoto hashiriki mpaka awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Kisha msimu wa vuli ukifika, familia nyingi huichukua bunduki ileile kwenda kuwinda bata mwitu na ndege wengine.

Ndiyo maana shotgani ya nusu otomatiki inapendwa. Kila kifyatulio kinapovutwa hutoka risasi moja, kisha bunduki yenyewe hutema ganda na kuingiza risasi nyingine. Moja inatosha kwa visahani na kwa ndege.

Shida huanzia dukani. Mzazi hununua bunduki kama anavyonunua sare ya shule: kubwa kidogo, mtoto ataikulia. Sare ikizidi mikono inakunjwa. Bunduki ikizidi, anayelipa ni bega.

Bunduki ikifyatuka hurudi nyuma kwa nguvu, na wawindaji huiita nguvu hiyo teke. Katika siku moja ya mashindano ya shule, mtoto hulenga visahani 50, maana yake mateke 50 mahali pamoja chini ya mfupa wa bega. Michubuko hupona baada ya siku chache. Kinachokaa ni woga: mtoto aliyeumizwa hufumba macho na kujikunyata kabla hajavuta kifyatulio, na tabia hiyo makocha huhangaika nayo muda mrefu kuiondoa.

Hapo ndipo aina ya mtambo inapokuwa na maana. Baadhi ya nusu otomatiki hutumia sehemu ya gesi ya baruti kuendesha mitambo yake. Teke halifutiki, ila linatandazwa kwa muda mrefu zaidi, na bega hulipokea kama msukumo badala ya ngumi. Remington 1100, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ilijijengea jina kwa ulaini huo, na Beretta A300 na A400 zinatumia gesi vilevile. Nyingine, kama Benelli M2 na Franchi Affinity, hutegemea springi na mwendo wa bunduki yenyewe inaporudi nyuma. Hizi huwa nyepesi, hazichafuki haraka, na zinamfaa mtu anayetembea siku nzima porini. Lakini teke lake ni kali zaidi, na baadhi hugoma kupakia zikipewa risasi laini sana, zile hasa ambazo mtoto anazihitaji.

Kwa mtoto atakayelenga visahani kila wiki na kuwinda mara chache kwa mwaka, ya gesi ndiyo yenye mantiki. Kazi ya ziada ni kuisafisha, na hiyo apewe mwenyewe, chini ya macho ya mtu mzima.

Halafu linakuja swali la geji 20 au 12. Hesabu yake huwachanganya wageni, kwa sababu namba ikiwa kubwa tundu la mtutu ni dogo: geji 12 ni takriban milimita 18.5, geji 20 ni 15.6. Wengi hudhani ya 20 ni laini siku zote kwa kuwa ni ndogo. Si kweli. Kwa risasi zenye nguvu sawa, bunduki nyepesi hupiga teke zaidi kuliko nzito. Geji 12 ya gesi yenye risasi laini za gramu 24 za marisau inaweza kuwa na upole kuliko geji 20 nyepesi iliyopakiwa risasi nzito za kuwindia.

Ila uzito nao una mpaka. Mwambie mtoto aiweke begani bunduki isiyo na risasi, ailenge mahali salama, na abaki hivyo kwa dakika moja. Akianza kuegemea nyuma, tumbo likitangulia mbele, bunduki hiyo imemshinda, hata kama muuzaji anaisifia.

Kitako pia kipimwe. Kwa watu wazima, kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako huwa karibu sentimita 36. Kwa bunduki za vijana ni 32 au 33. Zipo zinazouzwa na vipande vya kurefusha kitako kadiri mtoto anavyorefuka. Hapo sasa neno “ataikulia” lina ukweli.

Jicho nalo lisisahauliwe. Mtoto aunde pembetatu kwa viganja, mikono ikiwa imenyooka, aitazame saa ya ukutani kupitia katikati, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo bado linaiona saa ndilo linaloongoza. Akiwa anatumia mkono wa kulia na jicho linaloongoza ni la kushoto, kocha aambiwe kabla ya ununuzi.

Kwa matumizi yote mawili, mtutu wa sentimita 71 hivi wenye mdomo unaobadilishwa unafaa: mdomo wa kubana kwa kisahani kinachokimbia mbali, wa kuachia kwa ndege wa karibu. Chemba ya milimita 76 inapokea pia risasi fupi za milimita 70 za visahani. Ya milimita 89 ni ya risasi nzito mno, na mtoto haihitaji.

Nyumba yenye geji mbili tofauti iwe macho zaidi. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akidhani hakuna kitu, akaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka mkononi. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya njano. Zisichanganywe hata mfukoni.

Masikio ndiyo kiungo kinachodharauliwa kuliko vyote. Mlio wa shotgani huvuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kudhuru usikivu, na chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Mtoto avae vizibo vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja, pamoja na miwani ya kinga. Porini, vifuniko vya kielektroniki humruhusu kusikia maelekezo huku vikizuia mlio.

Risasi nyingi za visahani zina madini ya risasi, sumu inayoathiri ubongo wa mtoto. Asile uwanjani, anawe mikono kwa sabuni, na nguo za mazoezi zifuliwe peke yake. Kwa bata mwitu, sheria ya Marekani imepiga marufuku marisau ya madini hayo nchi nzima tangu mwaka 1991, na bunduki ya kuwindia ndege wanaohama hairuhusiwi kubeba risasi zaidi ya tatu. Anayerithi bunduki kuukuu amuulize fundi kwanza kama mtutu wake unastahimili marisau ya chuma.

Nusu otomatiki ina kasoro moja kwa wanaoanza: ikiwa imefungwa, huwezi kujua kwa kuitazama kama ina risasi. Ile ya mitutu miwili inayokunjwa katikati huonekana tupu kutoka mbali. Kwa hiyo uwanjani mtoto apakie risasi moja moja, na akimaliza aweke kibendera cha plastiki ndani ya chemba.

Nyumbani, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinasema nyumba salama zaidi ni isiyo na bunduki. Ikiwepo, ikae tupu na imefungwa, risasi zikiwa chini ya kufuli jingine. Tangu mwaka 2020 silaha za moto zimekuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana nchini humo, na sehemu ya vifo hivyo ni vijana kujiua. Kwa hiyo ufunguo ukae kwa mzazi, hata kama mtoto ni mtulivu na bingwa wa timu. Akionekana kukata tamaa, kujitenga au kuzungumzia kifo, atafutiwe msaada na bunduki itolewe ndani ya nyumba siku hiyohiyo.

Wahamiaji wana la ziada. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha. Aliye na viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Asiye na vibali haruhusiwi kabisa. Kosa hapa linaweza kugharimu ukaazi, kwa hiyo mwanasheria wa uhamiaji aulizwe kabla fomu ya shule haijasainiwa.

Zipo timu zenye bunduki za kuazimisha. Mzazi aombe mtoto ajaribu mbili au tatu, kila moja kwa boksi moja la risasi 25, bila haraka. Akimaliza boksi bila kulisugua bega, urefu wa kitako na uzito wa bunduki hiyo viandikwe kwenye karatasi ya kwenda nayo dukani.