Falsafa ya Kiroho Isigeuzwe Kasumba

Mtu anayejifunza falsafa ya kiroho, kisha akatamani kuwagawia wenzake, hukabiliwa na hatari ambayo haitoki kwa mahasimu wake. Hutoka katika mapenzi yake mwenyewe. Mtu hukilinda akipendacho. Akikilinda mno hukizungushia ukuta. Na akishakizungushia ukuta, kila aulizaye swali humwona mwizi. Hapo ndipo mafunzo yanapokoma na kasumba inapoanza.

Nayasema haya nikiwa hapa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, mji ambao haujapata kupungukiwa na wahubiri. Historia yatueleza sababu. Ni katika eneo la Nzaui, lisilo mbali na mji huu, ambako Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza mwaka wa 1895. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini kanisa lilibaki na kuota mizizi. Siku hizi yasikika pia sauti ya pili, ya wasomi, aghalabu vijana, wanaotaka tuirejelee hekima ya kiroho ya mababu. Naikaribisha sauti hiyo. Linalonitia wasiwasi ni kwamba baadhi yao wameitupa katekisimu moja ili waandike nyingine, na hiyo ya pili nayo haitaki kuhojiwa.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Profesa John Mbiti. Alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931, akapata shahada ya uzamifu Cambridge mwaka wa 1963, akafundisha Makerere kwa takriban muongo mmoja, na akafariki nchini Uswisi mwaka wa 2019. Kitabu chake, African Religions and Philosophy, kilichotoka mwaka wa 1969, kiliuambia ulimwengu kwamba Mwafrika hakuwa kiumbe asiye na dini, aliyekaa ufuoni akingoja kuletewa Mungu kwa merikebu. Kwa hilo pekee tuna deni kwake lisilolipika.

Ndani ya kitabu hicho mna nadharia mashuhuri kuhusu wakati. Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akaeleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati huelekea nyuma kuliko mbele. Sasa ni yale yatendekayo, yaliyotendeka karibuni na yatakayotendeka punde. Zamani ni hifadhi kuu ambamo mambo yote huishia. Ama wakati ujao wa mbali, huo karibu haupo. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka katika lugha yetu ya Kikamba. Aliorodhesha nyakati tisa za kitenzi chenye maana ya kuja, na ule ujao ulio mbali zaidi akaukadiria kuwa wa miezi 2 hadi 6 hivi.

Kila mtaalamu ana haki ya kutoa nadharia, na hii ilikuwa ya kijasiri. Tatizo ni yale yaliyofuata. Katika vyumba vya mihadhara nimewasikia wanafunzi, Wakamba wakiwemo, wakikariri kwamba Mwafrika hana kesho, kwa sauti ya mtu asomaye Amri Kumi. Wakiulizwa kama wamepata kuwasikiliza nyanya zao wakipanga mambo ya mwaka ujao, hushtuka, kana kwamba nyanya si ushahidi. Rai iliyoandikwa ili ianzishe mjadala imegeuzwa kufuli la kuufungia.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na taaluma yangu hunifunza kwamba umbo la kitenzi si mpaka wa fikra. Tazama Kiswahili. Kiambishi -ta- hutumika katika "nitakuja jioni" na pia katika "Siku ya Kiyama itakuja". Umbo ni moja, ilhali umbali ni wa saa chache upande mmoja na wa mwisho wa dunia upande wa pili. Wanaisimu hukihusisha kiambishi hicho na kitenzi kutaka. Waingereza nao, wakitaja yajayo, hukopa kitenzi kisaidizi ambacho hapo kale kilimaanisha kutaka, kwa kuwa vitenzi vyao havina mnyambuliko maalumu wa wakati ujao. Je, kuna aliyewahi kusema kwamba Mwingereza hana kesho? Kama hoja hiyo haimfungi Mwingereza, kwa nini imfunge Mkamba?

Hata hivyo, haki yadai kwamba Mbiti naye asikizwe. Mtu anaweza kunionyesha makinga maji katika miteremko ya Makueni na miembe iliyopandwa na wazee kwa ajili ya wajukuu, akadai kwamba nadharia imekwisha kuangushwa. La, haijaangushwa kwa hayo. Mbiti mwenyewe aliandika kwamba mafundisho ya Kikristo, elimu ya shule na maisha mapya vilikuwa vikiwafungulia Waafrika upeo wa wakati ujao. Alizungumzia fikra za jadi, siyo za mkulima wa leo. Mpinzani wa maana ni yule anayemfuata hadi hapo, kama alivyofanya Kwame Gyekye wa Ghana mwaka wa 1987, alipotumia lugha na methali za Waakan kupinga madai kwamba Waafrika wote huuona wakati kwa namna moja. Hoja ilijibiwa kwa hoja, na falsafa ikabaki hai.

Msomi mwingine wa Afrika Mashariki, Okot p'Bitek wa Uganda, alikwenda mbali zaidi. Aliwalaumu wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwa mmojawapo, kwa kuivisha miungu ya Afrika majoho ya Kigiriki. Alisimulia jinsi mapadri wa Kiitalia, mwaka wa 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee haikuwa na neno hasa la kuumba, basi swali likafasiriwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walimjua pepo aitwaye Rubanga, aliyesadikiwa kuwapinda watu migongo kwa maradhi ya uti, naye kwa maana hiyo ndiye "afinyangaye" watu. Wakamtaja. Kwa jibu hilo, jina la pepo wa vibyongo likawa jina la Mungu Muumba. Mapadri hawakudanganywa na mtu. Walidanganywa na swali ambalo tayari lilikuwa na jibu tumboni mwake.

Kisa hicho ni onyo kwa kila mwenye kueneza falsafa ya kiroho, awe wa kanisani au wa mwituni. Hapa kwetu Mungu ameitwa Mulungu, jina tunaloshiriki na mataifa mengi ya Kibantu hadi pwani. Ameitwa Mumbi, yaani Muumba. Na ameitwa Ngai, jina lenye udugu na Enkai wa Wamaasai, nalo ndilo lililotawala katika Biblia ya Kikamba. Atakayesimama leo aape kwamba jina moja tu kati ya hayo ndilo halali, na kwamba mengine ni upotovu, atakuwa ameisahau historia ya kinywa chake mwenyewe.

Basi falsafa ya namna hii igawanywe vipi? Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka wa 1995, alituachia njia. Aliwaendea wazee wenye hekima vijijini, akawahoji. Hakuridhika na mzee aliyeweza kueleza tu kile ambacho jamii yake huamini. Alimtafuta yule ambaye, akiulizwa, aliweza kuipima imani hiyo, akaikubali kwa sababu au akaikataa kwa sababu. Wa kwanza ni mtunzaji wa hekima. Wa pili ni mwanafalsafa, hata kama hajaliona darasa. Tofauti kati yao yaletwa na swali dogo: wewe mwenyewe waonaje?

Swali hilo likipigwa marufuku, gharama yaweza kuwa roho za watu. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyotolewa hatimaye ilizidi 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa katika imani. Sisemi kwamba kila mwalimu mshupavu atatufikisha msituni. Nasema kwamba safari ya huko huanza siku ile swali linapohesabiwa kuwa dhambi.

Nasi wa Makueni hatuna udhuru. Tangu mwaka wa 2013 kaunti hii imesifiwa kwa mabaraza yake, ambamo mwanakijiji huulizwa ni mradi upi utangulie na bwawa lichimbwe wapi. Yawaje tumwulize mtu kuhusu maji ya kunywa, kisha tumnyamazishe kuhusu maji ya roho?

Kwa maoni yangu, mwalimu wa mambo haya ajizoeze mambo matatu. Kwanza, atenganishe sauti. "Wazee walisema", "mwandishi fulani alifasiri" na "mimi naamini" ni sentensi tatu zenye nafsi tatu, na anayezichanganya huwabebesha marehemu maneno yake. Pili, afundishe pingamizi kali kuliko yote dhidi ya rai yake, tena kwa ufasaha uleule anaoitetea. Tatu, amwachie mwanafunzi ruhusa ya kuondoka bila kulaaniwa. Mafunzo yasiyo na mlango wa kutokea ni gereza, hata kama kuta zake zimepakwa rangi ya mila au ya wokovu.

Kuna watakaoniambia kwamba kuhoji hudhoofisha imani. Nawaomba wamtazame tena Mbiti, aliyekuwa padri wa Kianglikana hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka wa 2014, akiwa na umri unaopita miaka 80, ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki. Wakamba walikuwa tayari na Agano Jipya katika lugha yao kwa miongo mingi. Angeweza kusema kwamba lililoandikwa limeandikwa. Badala yake aliketi, akalirudia neno kwa neno na kuuliza upya kila moja lasema nini. Imani yake haikupungua kwa kuuliza, na Kikamba kimetajirika.