Wanawake wa Ungoni na Kazi (Sehemu ya Tatu): Mlezi wa Chipole

Tangu Dk. Asha-Rose Migiro ateuliwe mwezi Agosti 2025 kuwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, hapa Songea hakuna kijiwe cha kahawa kisichojua kwamba amezaliwa mji huu, mwaka 1956. Fahari hiyo ni halali, nami ninayo. Huyu ndiye aliyekuwa mwanamke wetu wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2006, kisha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Lakini nimechoka kusikia fahari inayoishia kwenye cheti cha kuzaliwa. Binti anayemaliza kidato cha sita pale Songea Wasichana hashiki chochote mkononi akiambiwa kwamba mtu mkubwa alizaliwa jirani na kwao. Angefaidika zaidi kuambiwa ni nani waliomlea mtu huyo katika kazi, na walimkabidhi nini, na lini.

Sehemu ya jibu iko Weruweru, Moshi, ambako Migiro alisoma sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkuu wa shule alikuwa Maria Kamm, ambaye nchi nzima inamwita Mama Kamm. Chini yake wasichana walisoma, walilima, walifuga, na walizoezwa kuongoza wenzao wakiwa bado wamevaa sare. Mama Kamm hakuwangoja wasichana wake wawe wakubwa ndipo awape madaraka. Aliwapa madaraka ili wapate kukua. Ukihesabu wanawake waliopitia mikononi mwake na baadaye wakashika ofisi za nchi hii, utaona kwamba mwalimu mmoja aliyekaa mahali pamoja muda mrefu amefanya kazi ambayo semina mia za siku mbili hotelini haziwezi kuifanya.

Wasomaji walionifuata tangu mwanzo wanakumbuka nilivyoeleza habari za Nkomanile, mtawala mwanamke wa Kingoni aliyempokea Omari Kinjala, mjumbe wa vita vya Majimaji, na maji yake ya dawa, na ambaye Wajerumani walimnyonga hapa Songea Februari 1906 pamoja na wanaume wa vita. Sitazirudia. Wala sitarudia vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam ambavyo Bibi Titi Mohamed alivigeuza kuwa jeshi la TANU mwaka 1955. Nataka kuongeza jambo moja tu lililonikaa moyoni tangu niandike sehemu ile. Kila Februari, Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge yanapojaa watu, Nkomanile anasifiwa kwa kuwa alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa walionyongwa. Migiro naye anasifiwa kwa kuwa wa kwanza. Tunazipenda mno sifa hizi mbili, ya pekee na ya wa kwanza, na tunasahau kuuliza habari za wa pili. Mwanamke wa kwanza anaweza kuzaliwa na bahati au na kipaji chake mwenyewe. Wa pili na wa tatu huzaliwa na malezi. Hapo ndipo ninapoomba ruhusa ya msomaji nimpeleke Chipole.

Wengi wa mjini huijua Chipole kwa jina tu. Ni makao ya Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, shirika la watawa wa Kiafrika lililoanzishwa mwaka 1938 chini ya Askofu Gallus Steiger, abate wa Peramiho. Kabla yao walikuwepo masista Wajerumani wa Tutzing, na njia ya masista hao kuja Ungoni ilianza kwa damu. Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa na wapiganaji wa Majimaji upande wa Liwale akiwa safarini kutoka pwani, pamoja na mabradha wawili na masista wawili, Felicitas na Cordula. Misheni ya Peramiho, iliyoanza 1898, ikachomwa moto mwaka huohuo wa 1905. Waliochoma walikuwa na sababu zao, na nilizieleza sehemu ya kwanza. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba masista wengine walikuja baada ya hao, wakafungua zahanati na shule, na baada ya miaka thelathini na kitu walikuwa wanawalea wasichana wa Kingoni, Kimatengo na Kindendeuli kufanya kazi zilezile zilizokuwa zikifanywa na Wazungu.

Namna walivyowalea ndiyo iliyonivuta kwa miaka yote hii. Msichana anayeingia utawani hapewi cheo wala haachwi ajifunze kwa kubahatisha. Anapewa mlezi. Mlezi wa wanovisi ni sista mzoefu ambaye kazi yake rasmi, iliyoandikwa na kuheshimiwa, ni kumkuza mtu mwingine. Hafanyi hivyo kwa hisani baada ya saa za kazi; hiyo ndiyo kazi yake. Mpango huu umetoka katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu kidogo cha Italia ya karne ya 6, ambacho sura yake ya 58 inaagiza wageni wa maisha hayo wakabidhiwe mzee mwenye kipawa cha kuvuta mioyo. Mimi si mtawa, na baadhi ya wasomaji wangu ni Waislamu kama nusu ya marafiki zangu. Naomba tukisome kitabu hiki kama tunavyosoma kitabu cha uongozi, kwa sababu ndivyo kilivyo pia.

Tazama sura ya 63. Nafasi ya mtu katika nyumba kwa kawaida inafuata siku aliyoingia. Aliyeingia saa ya pili yuko chini ya aliyeingia saa ya kwanza, hata kama wa pili ni mtoto wa mfalme. Hebu fikiri maana yake kwa jamii kama yetu ya Ungoni, iliyokuwa na koo za watawala na koo za mateka. Binti wa nduna na binti wa mtu aliyetekwa vitani wanapanga mstari mmoja kwa tarehe ya kuingia. Sura ya 3 inakwenda mbali zaidi: penye jambo zito waitwe wote, na mdogo kabisa asikilizwe, maana mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Katika ofisi ngapi za Songea karani wa mwaka wa kwanza anaulizwa neno kabla ya uamuzi?

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ya 35, inayohusu jikoni. Wote hupika kwa zamu ya wiki. Anayemaliza zamu siku ya Jumamosi hufanya usafi, hufua vitambaa, kisha hurudisha vyombo vyote kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima. Mtunza ghala naye humkabidhi anayeingia zamu, ili ijulikane kinachotoka na kinachopokelewa. Makabidhiano! Miaka 1,500 iliyopita mtu alikaa akaandika kwamba hata mwiko na sufuria visipite mkono hadi mkono bila kuonyeshana. Sisi tunaacha madaraka ya idara nzima yapite bila hata kuketi pamoja nusu saa. Naijua ofisi moja katika mkoa huu ambako mama aliyeshika hesabu kwa miaka mingi alistaafu, na binti aliyekaa meza ya jirani muda wote huo hakuwahi kuonyeshwa jinsi vitabu vya mwisho wa mwaka vinavyofungwa. Kiti kikaenda kwa kijana wa kiume aliyetoka nje, na watu wakasema wanawake hawajiendelezi.

Matunda ya malezi ya Chipole yanaonekana kwa macho, na hayako kanisani tu. Masista wana shule, wana huduma za afya, wana kituo cha kulea yatima. Kisha kuna Tulila. Mji wa Songea uliteseka miaka mingi na umeme wa jenereta za mafuta; dizeli ikichelewa barabarani, mashine za kusaga zilisimama. Gridi ya taifa ilikuwa haijatufikia, na haikutufikia hadi njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo, mwaka 2015, umeme wa maji wa Tulila ulikuwa umeanza kuja, megawati 5 kutoka Mto Ruvuma, ukiuzwa kwa TANESCO. Mwenye mtambo ni nani? Ni masista wa Chipole. Wanawake hawa, ambao watoto mitaani huwaona kama watu wa rozari na bustani, walikaa mezani na mabenki, wahandisi wa kigeni na shirika la umma, wakasaini mkataba, wakajenga, na taa zikawaka Songea. Najiuliza ni walimu wangapi wa fizikia wa mkoa huu wamewapeleka wasichana wao Tulila wakaone. Ningekuwa na mamlaka ningeamuru.

Sasa nalijibu neno ninalosikia kila ninapozungumzia haya, kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke. Wanalisema wanaume kwa kicheko na wanawake kwa uchungu. Mimi nalikataa. Ukiweka viti kumi na kusema kimoja tu ni cha mwanamke, utawaona wanawake ishirini wakigombania hicho kimoja, na utaita ugomvi huo tabia yao. Waweke wanaume ishirini mbele ya kiti kimoja uone kama hawatapelekana kwa waganga. Masista hawakuumbwa na udongo mwingine. Wana wivu na uchovu kama sisi. Tofauti ni kwamba nyumba yao haina kiti kimoja cha mwanamke: mhasibu, mwashi, mkuu wa shule, muuguzi, msimamizi wa mtambo, wote hutoka ndani, na anayemwinua mwenzake hapotezi chake. Hata mkuu wa shirika hupatikana kwa kura ya masista wenyewe.

Kuna pingamizi la pili, na hili nalipa heshima. Masista hawana mume wala mtoto mgongoni. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu yenyewe. Shirika limewaondolea mzigo ili wafanye kazi. Mama wa kawaida nani anampunguzia? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imejaribu. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia, kwa ujauzito au kwa hali ya ndoa. Mabadiliko ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti. Haya yote ni mazuri, ila waulize wasichana wa madukani na wa ofisi binafsi hapa mjini ni wangapi wamewahi kuambiwa habari za saa hizo mbili na mama aliyewatangulia kazini. Mara nyingi yeye mwenyewe alinyonyesha akijificha stoo, na anaona aibu kusema. Aibu hiyo ndiyo ninayoiomba iishe. Mkubwa akidai haki yake hadharani, mdogo hahitaji kufundishwa mara mbili.

Kuhusu malezi yenyewe, tusiseme hakuna pa kuanzia. Chama cha Waajiri Tanzania kina programu yake ya Mwanamke Kiongozi, inayowaandaa wanawake walio kazini kushika nafasi za juu na kuingia katika bodi. Wanahabari wa kike walifungua TAMWA mwaka 1987, na wanasheria wakaja na TAWLA mwaka 1989, na vijana wengi wamekulia humo. Lakini hayo yamekaa zaidi Dar es Salaam, na Songea hatuwezi kusubiri basi la kutoka huko. Ninachokitaka hapa ni kidogo na hakihitaji bajeti. Kila mama mwenye cheo katika halmashauri, benki, hospitali au shule achague binti mmoja aliye naye ofisini, amtaje mbele ya wakubwa kwamba huyu namlea, na kila mwezi amkabidhi kazi moja halisi: kuandika taarifa na kuiwasilisha yeye mwenyewe, kuongoza kikao, kufunga hesabu, kuzungumza na mkaguzi. Asimtume chai. Akikosea, amsahihishe faraghani. Akifanya vizuri, jina la binti ndilo liandikwe kwenye taarifa. Na wakubwa wa kiume wasijitoe. Mama huyo apunguziwe kazi nyingine kwa ajili hiyo, kama mlezi wa Chipole asivyopangiwa pia kulima shamba lote.

Nafasi imeniishia na bado sijagusa swali la watoto wadogo wa wafanyakazi, walale wapi mama akiwa kazini. Songea tuliwahi kulijibu kwa namna yetu. Litowa, kijiji mama cha Chama cha Maendeleo Ruvuma, kilikuwa na malezi ya pamoja ya watoto ili mama zao waende shambani, hadi chama kilipovunjwa Septemba 1969. Habari za Litowa, na nani walikuwa wakiwatunza watoto hao, nitazianza sehemu ijayo.