Kadari si kisingizio

Kila ajali ya bodaboda inapotokea huku kwetu Pwani, nasikia watu wakisema: "Ndivyo alivyoandikiwa." Kuamini kadari ni nguzo ya imani, sibishi. Lakini je, mwanadamu hana hiari kabisa?

Wanazuoni wamelijadili hili tangu karne za mwanzo za Uislamu. Jabria walisema mtu ni kama unyoya kwenye upepo. Kadaria wakasema matendo yake ni yake mwenyewe. Imamu Ash'ari wa Basra akashika njia ya kati: Mungu huumba kitendo, mja hukichuma kwa kukikusudia, na ndiyo maana ataulizwa.

Kabla yao wote, Sayyidna Umar alipokuwa safarini kuelekea Sham alipata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu.

Nionavyo mimi, helmeti nayo ni kadari. Anayeiacha nyumbani kisha akapakia abiria watatu, amechagua. Tusimsingizie Mola.