Lambo la Kijiji Nalo Lina Haki Yake

Anayevuka kwenda Lungalunga kwa njia ya Horohoro, wilayani Mkinga, huona malori na ofisi za forodha akadhani hapo hapakosekani kitu. Akiiacha barabara kidogo hukuta nchi kavu, ambayo watu wake hungojea masika na vuli. Visima vingi vya mwambao huu hutoa maji ya chumvi, hivyo maji ya mvua yaliyokingwa na tuta la udongo huwa ndiyo tegemeo la mama mwenye ndoo na la mchungaji.

Tukilitazama lambo huvutiwa na upana wake, na hapo ndipo tunapodanganyika. Jua la kaskazi hunywa takriban milimita 5 za maji kila siku, yaani sentimita 15 kwa mwezi. Lambo lililojaa tope likabakiwa na kina cha nusu mita humalizwa na jua peke yake kwa miezi mitatu na siku chache, kabla hajanywa ng'ombe hata mmoja! Tope hilo hutoka katika mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Hutoka pia katika kwato za mifugo inayoingia majini kwa kukosa mbauti za kunyweshea nje.

Tuta nalo lahitaji nyasi, si miti. Mzizi ukioza huacha tundu, na maji hulipanua tundu hilo polepole. Wengine huziba njia ya kutolea maji ya ziada ili lambo lijae zaidi; maji yakipita juu ya tuta la udongo hulimega kwa saa chache. Usiku wa Mei 9, 2018 bwawa la shamba moja huko Solai, Nakuru, lilipasuka likaua watu zaidi ya 40.

Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na wanazuoni wa fiqhi wametanguliza ukarabati wa wakfu kabla ya kugawa mapato yake. Sisi, tuseme kweli, hupenda kuchangia uchimbaji, jina libandikwe ukutani. Wa kuchangia uzoaji wa tope ni wachache. Kamati ya maji inayotoza kwa ndoo bila kuweka akiba ya matengenezo inakula mtaji.

Wakati wa kuzoa ni Februari, maji yakiwa yamepungua na masika hayajafika. Majembe, makarai na punda vyatosha kuanzia. Tope limwagwe katika mashamba yaliyo chini ya tuta, ambako ni mbolea. Likimwagwa upande wa juu, mvua ya kwanza hulirudisha lamboni.