Kijana Akitaka Prosesa Mpya, Mzazi Ajibu Nini?

Kokoa ikiisha kuuzwa na mpunga kuingia ghalani, maombi huzuka mengi nyumbani. Mama ataka bati za kuezekea jiko, mtoto ataka sare ya shule. Zamani vijana waliomba baiskeli au redio. Siku hizi, hata huku kwetu Katumba Songwe, kando ya Ziwa Nyasa, kijana aweza kumjia baba yake na ombi ambalo mzee haoni kichwa wala mkia wake: “Baba, gemu zinakwama kwenye kompyuta. Nipe fedha ninunue prosesa yenye mbio zaidi.”

Mzazi mmoja hukataa kwa hasira. Mwingine hutoa fedha ili apate amani. Wote wawili hawakutenda kwa busara, maana hawakuuliza swali lililo la kwanza: kazi yakwama wapi? Tulieleze basi jambo hili polepole, ili baba, mama na kijana waweze kulizungumza pamoja.

KAZI YA WAWILI

Katika kompyuta inayocheza gemu wamo wafanyakazi wawili wakubwa. Wa kwanza ni prosesa. Huyu ndiye mwenye kuhesabu na kuamua: mpira umefika wapi, gari limegonga nini, adui anakimbilia upande gani. Wa pili ni kadi ya picha, ambayo mafundi huiita kadi ya grafiki. Hii hupokea maagizo ya prosesa na kuchora kila kitu kiwezacho kuonekana kwenye kioo.

Kazi ya kuchora si ndogo. Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kwenda juu, yaani nukta 2,073,600. Na gemu, ili iende laini, yafaa ichorwe upya mara 60 hivi kwa kila sekunde. Hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 katika sekunde moja! Mara 30 watu wengi huvumilia. Chini ya hapo picha zaanza kuruka-ruka, na mchezaji hukasirika.

Sasa fikiri juu ya mavuno ya mpunga. Wako watu wanaokata kwa mundu, na wako wanaopura. Ikiwa wanaopura ni wawili tu tena wazee, wewe ukaongeza vijana kumi wa kukata, je, magunia yatajaa upesi? Hata kidogo. Rundo la mpunga usiopurwa litakua tu, na jioni magunia ni yale yale. Hapo ulitakiwa kuongeza mikono ya kupura.

Ndivyo ilivyo kwa prosesa na kadi. Tuseme prosesa ya kijana yaweza kutayarisha picha 90 kwa sekunde, lakini kadi yake ya zamani yaweza kuchora 25 tu. Kioo kitaonyesha 25. Akinunua prosesa ya kutayarisha picha 150, kioo kitaonyesha 25 vile vile. Fedha zimekwenda, wala mchezo haukubadilika.

Jambo hili wataalamu walilijua zamani. Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza kwamba ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako ina mpaka, na mpaka huo wawekwa na sehemu ile usiyoigusa. Kama sehemu unayoiharakisha yachukua robo tu ya muda wote, hata ukiimaliza mara moja kama umeme, robo tatu za muda zingali zakungoja.

LAKINI SI DAIMA

Wazazi, msije mkasema sasa kwamba kijana hana haki kamwe. Pengine mzigo uko kwa prosesa. Ziko gemu za kujenga miji na za kuongoza majeshi, ambamo watu na vitu maelfu huenda kila kimoja njia yake. Ziko na gemu za watu wengi wanaocheza pamoja kwa njia ya intaneti. Hizi hudai hesabu nyingi kuliko uchoraji. Tuseme prosesa yatayarisha picha 35 tu, na kadi yaweza kuchora 70. Hapo prosesa mpya ya picha 65 italeta faida karibu mara mbili, ingawa kadi ni ile ile ya zamani. Tena huweza kutokea kwamba idadi ya picha haiongezeki sana, lakini ile mishtuko ya ghafla, gemu inaposimama kidogo kisha ikaruka, yapungua.

Kwa hiyo usimwamini muuzaji asemaye “prosesa mpya ni dawa ya yote,” wala usimwamini asemaye “haina faida hata kidogo.” Pima kwanza.

JARIBIO LISILO NA GHARAMA

Kijana na afungue gemu yake. Kwanza ahakikishe kwamba gemu haikuwekewa kikomo cha picha kwa sekunde. Kama kipo, akiondoe. Kisha aingie kwenye mipangilio ya picha apunguze ukubwa, kutoka nukta 1,920 kwa 1,080 hadi 1,280 kwa 720. Sasa nukta za kuchora ni 921,600 tu, chini ya nusu ya zile za kwanza. Mzigo wa kadi umepungua sana, bali mzigo wa prosesa umebaki karibu vile vile.

Gemu ikienda mbio zaidi kwa wazi, basi aliyekuwa akichelewesha ni kadi. Prosesa mpya haitamfaa kitu. Ikibaki vile vile, yaelekea ni prosesa. Aweza pia kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kwenye Windows 10 au iliyo mpya zaidi ataona kazi ya kadi kwa asilimia. Kadi ikikaa karibu na 100 wakati wote wa kucheza, imechoka. Lakini asidanganyike na asilimia ya prosesa. Prosesa ina viini vingi, na kiini kimoja chaweza kulemewa huku jumla ikionyesha 40 tu.

Na kama kadi ndiyo dhaifu, dawa ya kwanza ni bure: acheze kwa ukubwa ule mdogo, apunguze na vivuli. Uzuri wa picha utapungua kidogo, lakini gemu itatembea.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Nchi yetu ya Kyela ni ya joto, na vumbi la kiangazi mwalijua. Kompyuta ikishikwa na joto hupunguza mbio zake yenyewe ili isiungue. Basi ichomolewe kwenye umeme, ifunguliwe, na feni zake zisafishwe kwa brashi laini. Kompyuta nyingi “zilizozeeka” zimejaa vumbi tu.

Tena, si kila prosesa huingia katika kila kompyuta. Kompyuta nyingi tunazouziwa zilitumika maofisini ng’ambo. Prosesa za Intel Core za kizazi cha pili cha mwaka 2011 na cha tatu cha mwaka 2012 hutumia soketi ya aina moja. Cha nne cha mwaka 2013 kina soketi nyingine. Akikosea hapo, itambidi kununua na bodi kuu, na pengine na kumbukumbu mpya. Bei iliyosemwa mara moja yawa mara tatu.

Kadi nayo ina masharti yake. Kompyuta za maofisini mara nyingi zina pawasaplai ndogo na nafasi finyu. Ndiyo sababu wengi walipenda kadi kama GeForce GTX 750 Ti ya mwaka 2014: yala wati 60 tu, na soketi ya bodi yenyewe hutoa hadi 75. Kama ni kompyuta ya mapajani, mara nyingi kadi haibadilishiki kabisa.

Bwana wetu Yesu Kristu alifundisha habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa kuuacha katikati. Neno hili lafaa kwa mnara, lafaa na kwa kompyuta.

Basi, mzazi, usimfukuze kijana. Mwambie akuonyeshe jaribio lile mbele ya macho yako, akuandikie hesabu yote, na soketi na bei. Kijana awezaye kufanya hivyo hakucheza tu, amejifunza ufundi. Na wewe kijana, kumbuka kwamba fedha ya kokoa ni jasho la nyumba nzima. Kucheza si dhambi, mradi masomo, kazi za nyumbani na Misa ya Jumapili visipunjwe. Lakini kuomba fedha bila kupima ni kumtoza baba yako gharama ya uvivu wako.