Nyumba iko Marangu, mwenyewe yuko Minnesota: madai ya bima yanapokwama

Ifikapo katikati ya Januari, mageti ya Uru, Kibosho, Marangu na Mwika, huko Kilimanjaro, huanza kufungwa moja baada ya jingine. Kipaimara na harusi zimekwisha, mbege imekauka ndooni, magari ya Dar es Salaam yameshateremka, na waliotoka Ulaya na Marekani wamesharuka kutoka KIA. Nyumba ya ghorofa yenye vigae vyekundu inabaki na mlinzi, mbwa wawili, na mama mzee ambaye hata hivyo analala kwenye nyumba yake ya zamani, ng'ambo ya migomba. Itafunguliwa tena Desemba.

Sasa uchukue mkataba wa bima ya moto wa nyumba hiyo. Uache ukurasa wa kwanza wenye jina na kiasi, ufungue kule nyuma kwenye masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza. Mikataba mingi ya namna hii, katika nchi zilizorithi sheria za Waingereza, ina sharti kwamba jengo likikaa bila mkazi kwa zaidi ya siku 30, kinga inasimama mpaka kampuni ikubali kwa maandishi kuendelea nayo. Nyumba ya Desemba hukaa tupu miezi kumi na moja. Mlinzi anayelala kibandani getini anaweza kuhesabiwa mkazi, anaweza asihesabiwe, na hapo ndipo barua za kujibizana zinapoanza.

Watu wetu wa ughaibuni wanapoona fidia haiji, jambo la kwanza hutafuta wakili huko huko waliko. Ni jambo la kueleweka, maana wakili wa huko wanamwona na wanajua malalamiko yao watayapeleka wapi akiwaangusha. Lakini sheria ya Tanzania inataka mali iliyopo nchini ikatiwe bima kwa kampuni iliyosajiliwa hapa, isipokuwa kwa idhini ya Kamishna wa Bima. Kwa hiyo mkataba ni wa Tanzania, msimamizi wake ni wa Tanzania, na ikifika mahakamani ni mahakama ya Tanzania. Wakili wa Minneapolis anaweza kuandika barua nzuri yenye nembo ya dhahabu. Kampuni iliyoko Dar es Salaam itaisoma, itaiweka kwenye faili, na siku ya kesi mwandishi wake hatakuwa na ruhusa ya kusimama mbele ya jaji wa Mahakama Kuu Moshi.

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa mwenye ndugu nje hatauona mgeni. Muuguzi anayeishi Minnesota amejenga kwao Marangu kwa akiba ya miaka mingi. Usiku mmoja wa Februari hitilafu ya umeme inaanzia darini na paa lote linateketea. Anapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumba imeungua. Sisi wazima, tumshukuru Mungu."

Kaka yake anakwenda polisi kuchukua RB, anakwenda Zimamoto kuomba taarifa yao, anapiga picha. Kampuni inapokea madai, inamtuma mkadiria hasara, anapima, anauliza maswali, anaondoka. Halafu kimya. Baada ya wiki kadhaa yanakuja maswali, na swali la kwanza halihusu moto hata kidogo: nyumba ni ya nani?

Hapo kihamba, yaani shamba la ukoo, kinaingia. Kiwanja kilikuwa cha babu, kikawa cha baba, baba amefariki na mirathi haijafunguliwa. Hakuna hati, wala ile hatimiliki ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa mila za Wachagga kihamba kilienda kwa watoto wa kiume, na kitinda mimba ndiye aliyebaki na boma la wazazi. Binti aliyejenga hapo kwa pesa yake hana karatasi hata moja yenye jina lake, ila risiti za mabati na hiyo bima. Sheria ya bima inadai mkata bima awe na maslahi katika kitu alichokikatia, yaani kikiharibika yeye ndiye apate hasara. Je, anayo? Kwa maoni yangu anayo, kwa sababu pesa iliyoungua ni yake, na wakili mzuri ataijenga hoja hiyo kwa miamala ya benki na mikataba ya mafundi. Ila hoja ya namna hiyo hujengwa kwa miezi. Karatasi moja ya makubaliano ya familia, iliyoshuhudiwa na mtendaji wa kijiji kabla ya tofali la kwanza, ingeifupisha iwe siku moja. Ingetosha pia bima kukatwa kwa majina mawili, lake na la mama.

Kuna la uraia pia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Marekebisho ya karibuni yameleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na mlango umefunguka kiasi. Lakini muuguzi wetu akiwa alikula kiapo cha Marekani miaka kumi iliyopita, na kwenye fomu ya bima akajaza kwamba ni Mtanzania, kampuni ina neno jingine la kuuliza. Fomu ya maombi ndiyo msingi wa mkataba. Kosa dogo mle linaweza kuitwa udanganyifu hata kama lilijazwa na wakala aliyekuwa na haraka ya kamisheni yake.

Swali la pili ni thamani. Nyumba ya shilingi milioni 200 ikikatiwa bima ya milioni 100 ili ada iwe nafuu, na moto ukala sehemu ya milioni 40, mwenyewe hutegemea milioni 40, kwa kuwa haijavuka milioni 100. Kanuni ya uwiano inampa 20. Amejikatia nusu, kwa hiyo nusu ya hasara ni yake. Huko milimani watu hujenga kidogo kidogo, bima ikakatwa nyumba ikiwa haina ghorofa, ghorofa ikaongezwa miaka mitatu baadaye, na kiasi kwenye mkataba hakikuguswa. Na masika yakileta maporomoko badala ya moto, ifahamike kwamba bima ya moto ya kawaida haibebi mafuriko wala udongo ulioteremka; hayo huongezwa kwa maombi na kwa ada yake.

Ndiyo maana nasema ucheleweshaji mwingi huwa umeshapandwa siku bima inapokatwa. Sisemi kampuni hazina lawama. Zipo zinazokaa na pesa ya mtu kwa sababu tu anayedai yuko mbali na hawezi kuja kukaa mapokezini kila Jumatatu. Wazee wetu walijua Shirika la Bima la Taifa peke yake, tangu biashara hiyo ilipotaifishwa mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 iliporuhusu kampuni binafsi; ukicheleweshewa, ulitafuta ndugu anayefanya kazi ndani. Tabia ya kutafuta ndugu ndani haijaisha. Nayo ndiyo inayowapotezea watu muda ambao ungetumika kuandika barua.

Msimamizi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyopewa nguvu na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Utaratibu unataka madai yalipwe ndani ya siku 45 tangu nyaraka zikamilike. Ujanja wote uko kwenye hilo neno la mwisho. Leo wanaomba taarifa ya Zimamoto, mwezi ujao wanaomba makadirio ya fundi, mwezi wa tatu wanaomba barua ya mtendaji, na kila ombi jipya linarudisha saa nyuma. Dawa yake ni barua moja ya kuitaka kampuni itaje kwa maandishi, kwa mara moja, kila kinachopungua, na ionyeshe tarehe ya kila kilichopokelewa. Barua hiyo aiandike wakili kama inawezekana. Kampuni isipojibu, nakala yake ndiyo inayokwenda TIRA. Kwa mtu wa Kilimanjaro ofisi ya kanda iko Arusha, na aliye nje anaweza kuandika moja kwa moja. Kabla ya yote, ahakikishe kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni kwamba bima yake ipo kweli. Hilo hufanyika hata ukiwa Oslo, na wapo waliolipia kwa miaka karatasi ambayo haikuwahi kusajiliwa.

Juu ya hapo yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa sheria hiyo hiyo ya 2009. Mlalamikaji halipii kitu, lakini lazima awe ameanza kwa kampuni yenyewe, na shauri liwe halijafunguliwa mahakamani. Wenye hasira hukimbilia kesi kwanza, wakaufunga mlango huu kwa mkono wao wenyewe.

Tatizo linabaki: nani atasaini hayo yote? Kaka mwenye ujumbe wa WhatsApp unaosema "nakuruhusu ushughulikie" si mtu yeyote mbele ya kampuni ya bima, na kampuni ikikataa kuzungumza naye haijakosea. Inahitajika hati ya uwakilishi. Mwenye nyumba huisaini huko aliko mbele ya mthibitishaji wa nyaraka, mamlaka ya huko ikathibitisha sahihi ya mthibitishaji, kisha ubalozi wa Tanzania ukagonga muhuri wake. Hapa nyumbani inalipiwa ushuru wa stempu, na kama inagusa ardhi, inasajiliwa. Mzunguko huo unaweza kula wiki nyingi, kwa hiyo aliye mbali asingoje moto ndipo aanze.

Ningependa watu watenganishe kazi mbili ambazo hupewa mtu mmoja kwa kubana matumizi. Kaka ni wa kupanda na kushuka: kwa mtendaji, polisi, kumfungulia geti mkadiria hasara. Wakili ni wa barua na baraza. Na awe wakili kweli. Kuzunguka mahakama zetu kuna mawakili vishoka, wana suti, wana kadi za biashara, na wanajua kumpigia video mtu wa nje wakiwa wamesimama mbele ya jengo la mahakama. Jina lolote litafutwe kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha aliye kwenye daftari na kama ana leseni ya mwaka huu. Ada ikubaliwe kwa maandishi. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 ya kupimia kama umeambiwa bei ya Ulaya.

Ikibidi kesi, madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Asijilaze hapo mtu. Mikataba mingi inataka ubishi wa kiasi uende kwanza kwa msuluhishi binafsi, na mingine inaweka ukomo wake mfupi baada ya madai kukataliwa. Sheria ya Mikataba haivipendi vifungu vinavyomfupishia mtu muda wa kudai haki, lakini ni ubishi ambao hutaki kuulipia. Tena mdai anayeishi nje ya nchi bila mali ya kutosha isiyohamishika hapa anaweza kuamriwa na mahakama aweke dhamana ya gharama za upande wa pili. Muuguzi wetu, ambaye nyumba haina jina lake, anaingia moja kwa moja kwenye shimo hilo. Afadhali safari ya ndege si lazima tena: kanuni za mwaka 2021 zimeruhusu mashauri kusikilizwa kwa video, na anaweza kutoa ushahidi akiwa sebuleni kwake, saa kumi alfajiri ya Minnesota.

Sehemu ya hati ya uwakilishi inayoleta ugomvi kuliko zote ni ile ambayo watu huiacha wazi: nani apokee pesa. Mwenye kupewa mamlaka ya jumla anaweza kusaini hati ya kukiri malipo ya mwisho, na akishasaini kwamba milioni 20 ni malipo kamili, hata kama mdai alitarajia 40, mlango umefungwa kwa dada yake pia. Iandikwe kwamba kaka anafuatilia lakini hakubali kiasi, na kwamba fidia inaingia kwenye akaunti ya mkata bima mwenyewe. Nyumba ikiwa imejengwa kwa mkopo, kuna uwezekano mkubwa benki imeandikwa kwenye bima kuwa ya kwanza kulipwa, na familia ijue hilo kabla ya kumpa fundi malipo ya awali. Na hati hiyo hufa na aliyeitoa. Muuguzi akifariki Minnesota kabla ya fidia kulipwa, siku hiyo hiyo mamlaka ya kaka yake yamekwisha, na kampuni itangoja msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama ndipo izungumze tena na mtu wa Marangu.