Pampu ya utomvu: Mkulima mdogo asilipie nguvu inayopotelea njiani

Kila msimu unapokaribia, wakulima wadogo wa miti ya mepo katika jimbo la Vermont, Marekani, na Quebec, Kanada, hukabiliwa na swali moja: wanunue pampu gani ya kunyonya utomvu, au waendelee bila pampu? Swali hilo ni la fedha zaidi kuliko la ufundi. Msimu hudumu kwa wiki nne hadi sita tu, na siku ya utomvu ikishapotea hairudi.

Quebec peke yake hutoa zaidi ya theluthi mbili ya shira ya mepo duniani, na kwa upande wa Marekani Vermont ndiyo inayoongoza. Shira hiyo, ambayo wenyeji huila zaidi na chapati za maji, ni utomvu uliochemshwa mpaka ukawa mzito. Utomvu wenyewe ni mwepesi kama maji na una sukari ya asilimia 2 hivi. Kwa kiwango hicho, zinahitajika lita 43 za utomvu kupata lita 1 ya shira.

Utomvu hugemwa kati ya Februari na Aprili, wakati usiku kuna barafu na mchana kuna joto kidogo. Zamani kila mti ulitundikiwa ndoo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mirija ya plastiki imekuwa ikichukua nafasi ya ndoo, na utomvu huteremka wenyewe hadi kwenye tangi. Kazi ya pampu ni kuondoa hewa ndani ya mirija hiyo ili mti utoe zaidi.

Nguvu ya kunyonya, yaani mvuto, hupimwa kwa inchi za zebaki. Usawa wa bahari, kikomo ni karibu inchi 30, na hupungua kwa inchi 1 hivi kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Utafiti uliofanyika Vermont umeonyesha kuwa kila inchi 1 ya mvuto inayofika kwenye mti huongeza utomvu kwa asilimia 5 hadi 7. Maneno ya kuzingatia hapo ni "inayofika kwenye mti".

HESABU YA MATUNDU 300

Chukua mfano wa mkulima mwenye matundu 300. Bila pampu, tundu moja linaweza kumpa lita 40 kwa msimu. Hizo ni lita 12,000 za utomvu, sawa na lita 280 za shira. Akipata mvuto wa inchi 20 na kila inchi ikaongeza asilimia 5, mavuno yanakuwa maradufu. Lita 280 zaidi za shira, kwa bei ya jumla ya dola 6 kwa lita, ni dola 1,680. Kama pampu na vifaa vyake vimemgharimu dola 3,000, fedha hizo zinarudi katika msimu wa pili, kabla ya kutoa gharama za umeme na za kuchemsha utomvu ulioongezeka.

Lakini kama mirija inavuja na mtini zinafika inchi 10 tu, nyongeza ni lita 140, yaani dola 840. Kwa pampu ile ile na bei ile ile, mkulima atasubiri hadi msimu wa nne. Tofauti ya misimu miwili imetokana na viungo vilivyolegea na mirija iliyotafunwa na panya-miti, wala si na pampu.

UKUBWA WA PAMPU

Kanuni inayotumiwa na wengi ni futi 1 ya ujazo ya hewa kwa dakika kwa kila matundu 100. Mwenye matundu 300 anatosheka na futi 3, pamoja na akiba kidogo. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Namba kubwa inayoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni ile iliyopimwa pampu ikiwa haina mzigo. Kadiri mvuto unavyopanda, ndivyo pampu inavyovuta hewa kidogo. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: katika inchi 20 au 25, pampu hii inavuta futi ngapi?

Wengine hununua pampu kubwa kupita kiasi ili ifidie uvujaji. Kwa muda, geji iliyo bandani inaweza kuonyesha namba nzuri. Hata hivyo, bili ya umeme inapanda, na miti iliyo mwisho wa mirija inaendelea kutoa kidogo.

AINA NNE SOKONI

Ya kwanza ni pampu ndogo ya kiwambo, ya volti 12, ya aina inayotumika kusukuma maji kwenye mashua. Ni ya bei nafuu, inaendeshwa kwa betri, na inavuta utomvu wenyewe bila kuhitaji tangi maalumu. Inamfaa mwenye matundu yasiyozidi 100 hivi. Udhaifu wake ni kwamba inavuta hewa kidogo sana, hivyo tundu moja linalovuja linatosha kuishinda.

Ya pili ni pampu ya mapanga yenye kulainishwa kwa oili, ambayo mara nyingi hununuliwa ikiwa imetumika kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa. Msomaji aliyewahi kuona mashine ya kukamulia katika mashamba makubwa ya Kenya au Tanzania anaifahamu. Bei yake huvutia. Lakini mashine ya kukamulia hufanya kazi kwenye inchi 15 hivi. Ikilazimishwa kufika 20 na kuendelea kwa saa nyingi, pampu hiyo hupata joto kali na kuungua, isipokuwa imefungiwa mfumo wa kuipoza kwa oili. Aidha, unyevu ukiingia huiharibu, hivyo ni lazima iwekewe mtego wa maji.

Ya tatu ni pampu ya mzunguko wa maji. Hii haisumbuliwi na unyevu na inafikia mvuto mkubwa, ila inahitaji maji baridi wakati wote. Maji yakipata moto mvuto unashuka, na yakiganda usiku pampu inaweza kupasuka.

Ya nne ni pampu ya kucha, isiyotumia oili wala maji mahali pa kuvutia hewa. Inaokoa umeme na haihitaji matengenezo mengi, lakini bei yake ni ya mkulima mwenye matundu mengi.

Isipokuwa ile ya kiwambo, pampu hizi zinahitaji pia tangi la kupokelea, linalotoa utomvu nje bila kuruhusu hewa kurudi ndani. Asiyeliingiza katika bajeti atakuwa amenunua nusu ya mtambo.

PENYE MTEREMKO

Mwenye shamba lenye mteremko mkali anaweza asihitaji pampu kabisa. Mrija mwembamba wa inchi 3/16 hujaa utomvu, na uzito wa utomvu unaoteremka huvuta kutoka juu. Kila futi 1 ya mteremko huleta karibu inchi 0.9 ya mvuto, hivyo futi 30 zinaweza kufikisha inchi 26 bila umeme. Gharama yake ni usafi: mirija hiyo huziba kwa ute wa bakteria isiposafishwa vizuri au kubadilishwa vipuri vyake.

Kwa mkulima wa Quebec kuna jambo jingine. Tangu mwaka 2004, shira inayouzwa kwa jumla huko imewekewa mgawo. Inayozidi mgawo huingia kwenye ghala la akiba, na mwenye mali hulipwa itakapouzwa. Hivyo, pampu inaweza kuongeza mavuno bila kuongeza fedha za mwaka huo. Mwenye deni la benki anapaswa kuliangalia hilo kabla ya kutia saini.

Kwa ufupi, mnunuzi mwangalifu huanza na mteremko, akahesabu matundu, akaziba mirija, ndipo akaulizia pampu. Aidha, hununua geji mbili: moja ya kuweka bandani, na nyingine ya kuweka kwenye mti wa mwisho. Zikipishana sana, dola za kwanza ziende kwenye mirija.